Bitana ya Tumbo

Beseni lilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu baadaye watu walikuja kuniambia habari za bahati mbaya, za umri wa Mama, za mipango ya Mungu, na kila mmoja nilimjibu hivyohivyo: beseni lilikuwepo.

Linakaa juu ya kigoda cha chuma ndani ya chumba cha upasuaji, hatua chache kutoka mezani. Ndani yake mna maji safi yaliyochemshwa, na kazi yake ni moja. Glavu zinazoletwa hospitalini kwetu zimepakwa unga wa wanga, mweupe na laini kama poda ya mtoto mchanga, ili zivalike upesi bila kugandana. Unga huo ukibaki mkononi hauna neno. Ukiingia tumboni mwa mtu, ni balaa. Kwa hiyo ukishavaa glavu unatumbukiza mikono kwenye beseni, unaisugua, unaifuta kwa kitambaa safi, ndipo unamsogelea mgonjwa. Ni muda wa kupiga chafya mbili tatu, basi.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa halisogelei. Yeye ndiye mkuu wa wapasuaji, na hospitali nzima inamwita Umeme kwa wepesi wa mikono yake, jina analolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Anaingia, anapasua, anashona, anatoka, na chai aliyoiacha ofisini bado ina moto. Wauguzi wapya humtazama wakasahau kufumba midomo. Mimi pia ni mpasuaji, nafanya kazi chini yake, na kila aliponikuta nasuuza glavu alipita nyuma yangu akisema kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, unanawa hivyo, kwani umekaribishwa chakula?" Watu wanacheka. Nilimwambia faraghani, nikamwambia mbele ya wauguzi, nikamwambia kwenye kikao cha madaktari. Alijibu kwamba ameshafungua matumbo mengi kuliko nywele za kichwa changu, na kwamba si bure watu wananiita Pilipili.

Nieleze kidogo, maana bila hili hasira yangu itaonekana ya kichaa. Watu wengi wanadhani tumbo ni gunia, na ini, figo na utumbo vimo humo kama viazi. Sivyo. Hakuna kiungo kilichotupwa tu. Chini ya ngozi kuna mafuta, chini ya mafuta kuna kitambaa cheupe kigumu kinachoishika misuli mahali pake, na chini ya misuli kuna utando mwembamba, wenye majimaji, unaong'aa, uliotandazwa kwenye ukuta wote wa tumbo kwa ndani. Utando huohuo unageuka, unalifunika ini, unaufunika mfuko wa chakula, unauvika utumbo kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho. Kwa nyuma unajikunja marinda, na marinda hayo ndiyo yanayouning'iniza utumbo usizagae, na ndani yake ndimo mishipa ya damu inamopita. Mbele ya yote limeshuka pazia la mafuta, kama aproni ya mpishi. Kwa ajili ya tando hizo viungo vinakaa pamoja, kila kimoja na mahali pake, na bado vinateleza ubavuni mwa vingine bila kukwaruzana. Utando ukichubuka, au ukiingiwa na unga, unatoa kitu kama gundi. Kunjo la utumbo linashikana na kunjo jirani, lingine linashikana na ukuta, na kilichoumbwa kiteleze kinabaki kinavutana.

Madaktari wengi wanazipita tando hizo kama mtu anavyochana karatasi ya zawadi, wakikimbilia kilichomo. Umeme alikuwa bingwa wa kuzichana.

Sasa nije kwa Mama. Mama mkwe wangu alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na sifa yake ilikuwa makoti. Mafundi wengine walikuwa wanashona koti la kutazamwa. Yeye alikuwa anashona la kuvaliwa, na tofauti, alisema, ni bitana, kile kitambaa laini cha ndani. Bitana haionekani, hakuna mteja anayeisifu, lakini bila hiyo mkono haupiti kwenye mkono wa koti. "Koti lisilo na bitana ni gunia lenye vifungo," alikuwa akisema, na mdomoni amebana pini tele. Kwa makoti hayo aliwasomesha wanawe wawili, mmoja akawa mwalimu, ndiye mume wangu, na mwingine akawa Umeme.

Mwaka jana alipatikana na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi. Kila daktari anajua kwamba hupasui damu yako mwenyewe, mkono utatetemeka au utajisifu, vyote viwili vibaya. Umeme alisema, "Mama yangu nimwachie nani?" Akampasua. Jumapili iliyofuata akasimulia sebuleni, miguu juu ya meza, kwamba alimaliza haraka kiasi kwamba Mama hakupata hata nafasi ya kuota ndoto. Shangazi zake wakampigia vigelegele. Mama mwenyewe alitabasamu, amekaa wima kwenye kochi, mkono mmoja ameubana ubavuni.

Ule mkono haukutoka tena pale ubavuni.

Alianza kula vijiko viwili na kusema ameshiba. Akaanza kuinuka mezani katikati ya mazungumzo, anaingia chumbani kwake, tunasikia cherehani inaanza kulia. "Mwacheni, kazi iko damuni," watu wanasema. Siku moja nilimpelekea maji, nikafungua mlango bila kubisha. Cherehani ilikuwa inakwenda kasi, sindano inapanda na kushuka, na chini yake hamna kitambaa. Hata uzi haukuwamo. Mama alikuwa anakanyaga pedali kwa mguu mmoja, paji la uso amelilaza juu ya mbao ya cherehani, meno ameyauma, na sauti aliyokuwa akiitoa ilikuwa inafunikwa na kelele ya chuma. Alikuwa anashona ili tusimsikie.

"Mama, lala nikupime," nilimwambia.

"Weka maji hapo, mkwe wangu. Asante."

"Mama, mimi ni daktari."

"Wewe ni mke wa mwanangu. Siwezi kukuvulia nguo. Mimi na wewe tunaheshimiana."

"Basi twende hospitali nyingine, kwa daktari usiyemjua."

Alinitazama kama nimetukana. "Watu waseme nini? Mama wa mkuu wa wapasuaji hamwamini mwanawe?"

Nilitoka chumbani damu inanichemka. Nilimfuata Umeme ofisini kwake kesho yake, nikamwambia mlango ukiwa wazi, wenye masikio wasikie.

"Nimempiga picha zote," alisema, "na zote safi. Unataka nitibu ugonjwa usioonekana?"

"Utando hauonekani kwenye picha, na unajua hivyo."

"Ninachojua ni kwamba mama yangu ni mzee mpweke. Anadeka kidogo. Nimempa vidonge vya kumsaidia usingizi."

"Vya usingizi! Mtu tumbo linavutwa, wewe unamlaza!"

"Shemeji," alisema, akitabasamu lile tabasamu lake la kwenye picha za ukutani, "punguza pilipili."

Nyumbani mume wangu hakunisaidia. Si mtu mbaya, lakini kwa kaka yake anakuwa mtoto wa darasa la kwanza. "Kaka ndiye aliyemfungua," alisema, "yeye ndiye anajua alichokiacha mle ndani."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," nikamjibu, nikaenda kulala sebuleni na mtoto.

Basi ikaja Jumatano moja. Nilikuwa zamu, namalizia mzunguko wa wodi asubuhi, nikamwona mume wangu anaingia amembeba Mama mikononi kama anavyobebwa bibi harusi. Tumbo lake lilikuwa limejaa likakaza kama ngoma. Alikuwa anatapika kitu cha kijani kwenye taulo, na kila akimaliza alikuwa analikunja lile taulo vizuri, uchafu ndani, ili tusiuone. Hata katika hali ile, jamani! Nilitaka kulia na nilitaka kumpigia kelele.

Utumbo ulikuwa umeziba. Umeme alifika, akamtia mpira puani wa kutoa yale maji ya tumboni, akamwekea dripu, akasema tungoje, utafunguka wenyewe. Kungoja si kosa, nikiri. Matumbo mengi hufunguka bila kisu. Lakini kungoja kuna mwisho wake, na kufikia saa za mchana mwisho ulikuwa umefika. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia. Joto lilipanda. Na maumivu, yaliyokuwa yakija na kuondoka, sasa yalikuja yakakaa. Utumbo unaobana na kuachia bado unapigania njia. Unaouma mfululizo huenda umenyongwa, haupati damu, na usipofunguliwa utaoza na mwenye nao atakufa.

Nilimkuta Umeme kwenye korido, anasoma simu yake.

"Tumfungue sasa," nilisema.

"Tungoje kesho. Kesho nitamfungua mwenyewe."

"Kesho utafungua maiti. Na wewe humgusi tena."

"Mimi ndiye mkuu hapa."

"Na mimi ndiye daktari wa zamu, na mgonjwa ana akili zake timamu, atachagua mwenyewe. Hebu niambie, shemeji: unaogopa kumfungua, au unaogopa kitakachoonekana?"

Wauguzi wawili waliokuwa wanasukuma kitanda walisimama pale pale. Nilikuwa najua nimemvunjia heshima mbele ya watu wake, na sikujuta hata kidogo.

Kazi ilikuwa kwa Mama. Nilimweleza yote, kwamba ni lazima, kwamba ni leo, na kwamba ukimtoa mwanawe, mpasuaji mwingine hayupo ila mimi. Akageuzia uso ukutani. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda anamsihi. Nikamtoa mume wangu nje. Nikainama mpaka sikioni mwake.

"Mama," nilisema, "leo usiniheshimu. Ukiniheshimu leo, utakufa."

Jasho lilikuwa linamshuka hadi shingoni. Kisha akasema, "Basi funga mlango." Na akalifunua shuka mwenyewe, kwa mikono yake, polepole, macho ameyafumba.

Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari. Nilivaa glavu, nikaenda kwenye beseni, nikasuuza, nikasugua kidole kwa kidole, nikafuta. Hakuna aliyecheka. Daktari wa usingizi aliniashiria kwamba Mama amelala, nikaanza.

Ngozi. Mafuta, kidogo tu, maana alikuwa amekonda. Kile kitambaa cheupe cha misuli, na juu yake kovu la mshono wa Umeme, limenyooka kama limechorwa kwa rula; mkono mzuri anao, simnyimi hilo. Kisha nikafika kwenye utando. Utando mzima ukiubana kwa kibanio na kuunyanyua, unanyanyuka peke yake, mwepesi, na vilivyo chini yake vinabaki chini. Huu haukunyanyuka. Niliuvuta, ukaja na utumbo. Nikakata kidogo kidogo, kwa ncha ya mkasi, kama mtu anayefumua mshono asitoboe nguo.

Ndani sikukuta mpangilio. Ini lilikuwa limegandamana na ukuta. Pazia la mafuta, lililotakiwa kuning'inia mbele, lilikuwa limejikunja likavutwa juu, limenata pale ulipokuwa mfuko wa nyongo. Makunjo ya utumbo yalikuwa yameshikana moja na jingine, hujui hili linaanzia wapi na lile linaishia wapi, na kila mahali kwenye ule utando, uliotakiwa kung'aa, kulikuwa na vichembe vyeupe, vidogo, kama mtu amenyunyiza chumvi. Na chini kabisa kulikuwa na kamba ya kovu, nyembamba kama kamba ya kiatu, imetoka kwenye ukuta ikapita juu ya kunjo moja la utumbo na marinda yake, ikalikaba. Lile kunjo lilikuwa na rangi ya zambarau.

Nitasema nilichokihisi: nilitaka kuacha mkasi, nitoke, nimtafute yule mtu nimkamate shati. Mwaka mzima! Mwaka mzima mwanamke huyu amekaa na hili, akila vijiko viwili, akikanyaga cherehani tupu, na sisi tunamwambia anadeka.

Badala yake nilikata ile kamba. Tukalifunika kunjo kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, tukangoja. Katika upasuaji hakuna kazi ngumu kama kungoja mikono ikiwa mitupu. Muuguzi wangu, mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi humo kabla yangu, alikuwa anatazama sakafu. Nilipofunua, zambarau imeanza kufifia. Kando kando mnaingia uwekundu, kisha ukasambaa, kisha kunjo lote likajikunyata kidogo, lenyewe, kama mtu anayeamka. Muuguzi akasema, "Haya sasa." Tukarudi kazini, kuachanisha jirani na jirani, mpaka utumbo wote ukapita mikononi mwangu huru. Kabla sijafunga, nilikata kipande kidogo cha utando chenye vile vichembe, nikakitia kwenye kichupa cha maabara.

Nilipoinua kichwa nilimwona Umeme kwenye kioo cha mlango. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Hakuingia.

Jibu la maabara lilipotoka, mtaalamu alituita wote wawili. Alitaka tuone kwa macho yetu. Wanga, ukiutazama kwa hadubini kwa mwanga wake maalumu, kila punje inang'aa na msalaba mdogo mweupe katikati. Kile kipande kilijaa misalaba. Na kila msalaba ulikuwa umezungushiwa kovu la siku nyingi, kwa hiyo unga ule haukuingia Jumatano. Umeme aliinama kwenye hadubini akakaa muda mrefu kuliko anavyokaa na mgonjwa.

"Makovu ya ndani yanampata yeyote," alisema alipoinuka.

"Kweli," nilimjibu. "Hata mimi yanaweza kunitokea. Lakini misalaba haimpati yeyote. Tumbo hili, kabla ya juzi, lilifunguliwa mara moja tu."

Mtaalamu wa maabara akajitia kutafuta kitu kwenye droo. Umeme alinishika kiwiko akanipeleka dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa kwao nilimsikia akiongea bila madaha.

"Usimwambie Mama. Nakuomba. Utamuua."

"Hakufa kwa unga wako, atakufa kwa maneno yangu?"

"Shemeji..."

"Mwambie wewe. Kabla hajatoka hospitalini. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Nitamwambia akipata nafuu," alisema.

Basi tukaanza kungoja nafuu. Nafuu ya mtu aliyepasuliwa utumbo ina dalili moja tunayoisubiri kwa hamu, na haina adabu: atoe hewa. Asipotoa, hujui kama utumbo umeamka, na chakula humpi. Kila asubuhi muuguzi kijana anapita kitanda kwa kitanda akiuliza kwa sauti safi kabisa, "Mama, tumetoa hewa?" Siku ya kwanza Mama alimwuliza, "Binti, wewe una wazazi?" Siku iliyofuata alijifanya amelala.

Umeme alikuwa anakuja mara kwa mara, koti jeupe limepigwa pasi, anasimama mguuni pa kitanda. Aliongea habari za mvua. Aliongea habari za gari lake. Alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimpasua wiki iliyotangulia, kwamba kwa huyu mama ni makovu tu, mambo ya kawaida. Mimi niko pembeni, nasaga meno. Na nikaona jambo: kila akiingia, Mama alikuwa anajikaza. Mgongo wima, midomo imebanwa, mikono miwili juu ya shuka. Mbele ya mwanawe mkubwa asingetoa hewa hata akipasuka.

Alasiri moja walikuwapo wote, Umeme, mume wangu, shangazi wawili, wamekizunguka kitanda kama wapiga picha. Nikawaambia watoke.

"Hata mimi?" Umeme aliuliza.

"Hasa wewe," akasema Mama.

Walipotoka, Mama aliniambia, "Geuka." Nikageukia dirishani. Kisha nikasikia sauti ndefu, kavu, ya kitambaa kinachochanwa na muuza vitambaa aliyezoea, na kitanda cha pili mtu akasema, "Alhamdulillahi." Mama alianza kucheka, ameshika mshono wake kwa mikono miwili, anasema "uwii, uwii, usinichekeshe," na hakuna aliyemchekesha. Mimi nililia. Nililia nikiwa nimeutazama ukuta wa jengo la jikoni, na sioni aibu kusema.

"Njoo ukae," alisema. "Nimekuvulia nguo, nimekutolea hewa. Heshima gani tena imebaki kati yetu? Niambie ulichokikuta."

Nilimwambia. Nilianza na bitana, maana hiyo anaijua. Kwamba tumbo lina bitana yake, inavikwa ukuta na inavikwa kila kiungo, ili vitelezeane. Kwamba ya kwake ilikuwa imeshikana, bitana na nguo, mkono wa koti na kiuno.

"Kama imemwagiwa gundi," alisema.

"Kama imemwagiwa gundi."

"Gundi imetoka wapi?"

Nikamwambia habari za unga. Nikamwambia habari za beseni. Alikuwa amelishika pindo la shuka, analipitisha kati ya vidole anapima mshono, na hakuacha mpaka nilipomaliza.

"Nilijua kuna kitu kimeharibika," alisema. "Wiki ile ile ya kwanza. Nikanyamaza. Nikisema naumwa baada ya kupita mkononi mwake, nani angempelekea mgonjwa tena?"

Hapo nilimkasirikia na yeye. Mgonjwa, mzee, mama wa mume wangu, mpira bado uko puani, nilimkasirikia vilevile.

"Na hao wagonjwa, Mama?" nilisema. "Waliopita mikononi mwake mwaka mzima, wewe umenyamaza, yeye hajui, na beseni analipita? Hao nao watanunua cherehani?"

Aligeuzia uso ukutani kama siku ile. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Nilisikia jikoni wanaangusha sufuria, na kitanda cha pili yule mwanamke alikuwa ameacha hata kujigeuza. Kisha Mama akasema, bila kugeuka, "Mwite."

Umeme aliingia na tabasamu lake. Mama alikuwa amejiinua kwenye mito.

"Chini ya kitanda kuna beseni," alimwambia. "Lichukue. Tia maji."

"Unataka kunawa, Mama? Ngoja nimwite muuguzi."

"Nimesema muuguzi?"

Aliinama akalitoa, beseni la plastiki la kuogeshea wagonjwa, akaenda nalo bombani mwisho wa wodi na kurudi nalo, maji yanamwagikia viatu vyake. Wagonjwa walimfuata kwa macho kwenda na kurudi. Akaliweka juu ya kimeza.

"Nawa," Mama alisema.

Alicheka. Nadhani ilimtoka tu kwa mazoea. "Kwani nimekaribishwa chakula?"

Hakuna aliyecheka. Aliposikia kimya kile alinitazama mimi, akalitazama beseni, na nikaona uso wake unabadilika kuanzia machoni kushuka chini.

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Nawa kwanza."

Alikunja mikono ya koti. Akatumbukiza mikono na kuitoa, upesi, kama anavyofanya kila kitu, akaisimamisha mbele yake inachuruzika. Mama aliitazama, huu halafu huu, kama alivyokuwa akikagua kazi ya mwanafunzi wa cherehani. Yule mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, kwenye bandeji, na macho yake hayakubanduka kwenye ile mikono.

Umeme alinyoosha mkono kutafuta taulo. Lilikuwa kwenye reli ya kitanda. Nililiwahi mimi, nikaliweka nyuma ya mgongo wangu.

"Tena," alisema Mama.